Mbuzi Iko Kwangu

Ijumaa hiyo Mastura aliufunga mgahawa wake mapema, akarudi nyumbani kwenda kumkubali mwanamume asiyempenda. Hakulia wala hakununa. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hukubali mengi.

Uchovu wenyewe haukuwa ule wa kulala ukaamka mzima. Ulianza siku Bibi Ziada, mama wa mama yake, alipopigwa na kiharusi kikamwacha hana mkono wa kushoto wala ulimi. Kwa zaidi ya mwaka Mastura ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu huu na ule, na kukipambazuka akatoka kwenda kuwapikia wali wa nazi abiria wa stendi ya Kilwa Masoko. Bibi alifariki kabla ya masika. Arobaini ikapita, wageni wakaondoka, masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, na Mastura akangoja uchovu nao uage. Wapi! Ulibaki pale pale kama mgeni asiyejua kwao.

Sasa alikuwa amekaa mkekani ukumbini, miguu ameinyoosha, anamsikiliza Mjomba Saad, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuwa amerudi kutoka msikitini. Mjomba alivua kofia yake ya kazi ya mkono, akaiweka juu ya kigoda karibu na mlango.

“Bwana Fakihi atafika alasiri,” Mjomba alisema. “Mtu anatoka Kiswere kote huko kuja kuchukua jibu. Usimpokee na uso huo.”

“Ndio nilio nao, Mjomba.”

“Nawa, basi.”

“Nimeshanawa.”

Mjomba alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Miaka mingi ya kulima ufuta kule Mitole ilimfundisha kuwa usipovuna mapema, punje zote humwagika chini. Mastura alikuwa ameipita thelathini, na Fakihi alikuwa mgane mwenye adabu zake, muuza pweza wakavu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Mjomba hakuona cha kungojea.

“Mama yangu angekuwepo angefurahi,” alisema.

“Bibi angekuwepo angemkalisha kwenye mbuzi kwanza.”

Mjomba akatazama pembeni, akajifanya anatafuta miwani.

Habari ya mbuzi hiyo lazima isemwe hapa, maana bila yenyewe kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha mninga cha kukunja na kukunjua, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Bibi Ziada aliirithi kwa mama yake huko Kilwa Kisiwani. Hakuna mwanamume aliyeoa katika nyumba ile kabla hajakalishwa juu yake, akakuna nazi moja mbele ya mama mwenye nyumba, naye akamwuliza kama anamtaka binti kweli. Akiwa na moyo mmoja, tui lake lilitoka zito, jeupe, likatulia. Akiwa na mioyo miwili, tui lilikatika papo hapo lingali baridi, maji huku, mafuta kule, hata moto halijauona. Majirani waliita uchawi, Bibi aliita mapishi. Bwana mmoja wa Lindi alikatikiwa na tui mara mbili, akazisingizia nazi. Baadaye ikajulikana ana wake wawili Mtwara na hakuna anayejua habari za mwenzake.

Mbuzi hiyo ilipotea siku ile ile Hussen alipoondoka.

Hussen alikuwa fundi pikipiki, mwenyeji wa Mitole. Alianza kwa kuja mgahawani kunywa chai, akahamia kwenye chakula cha mchana, mwisho akawa anakula mpaka ukoko, na kila mtu stendi akaelewa kuwa si njaa. Alipeleka posa. Siku ya jibu, Mastura alikwenda sokoni mwenyewe kumchagulia nazi ya kukuna. Aliporudi, Hussen hayupo. Mjomba Saad alisimama mlangoni na uso wa msiba, akamwambia, “Hussen amechukua mbuzi, ameondoka. Vumilia, mwanangu.”

Mastura alikimbilia jikoni, akautazama msumari ambapo mbuzi ya Bibi ilitundikwa siku zote. Msumari ulikuwa mtupu. Kabla hajapata hata nafasi ya kulia, chumbani kukasikika kishindo. Bibi ameanguka.

Basi tena. Akili yake ilimalizia iliyobaki: mwanamume ameogopa kupimwa, ameiba kipimo, amekimbia. Akaifungia namba yake simuni, na jina la Hussen halikutajwa tena katika nyumba ile. Mjomba alidhani anamsitiri mpwa wake. Mpwa alidhani anaificha aibu yake.

“Unasikia?” Mastura aliuliza ghafla.

“Nini?”

“Mtu anakuna nazi.”

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Sauti ilitoka chumbani kwa Bibi, pole pole, kama mtu asiye na haraka ya kupika. Tangu Bibi azikwe ilikuwa ikija hivyo alasiri, na kila Mastura alipofungua mlango ilikoma. Rosalia, jirani yake Mmakonde anayezunguka magulioni na mitumba, aliisikia siku moja akiwa amekuja kuomba chumvi. Alipiga ishara ya msalaba, akaondoka bila chumvi. Kwa hiyo wazimu haukuwa wake peke yake, na hilo lilimpa Mastura faraja kidogo.

“Sisikii kitu,” Mjomba alisema. “Umechoka.”

“Hilo nalo najua.”

Nje pikipiki ikanguruma, ikazimwa. Mjomba alisimama, akajipangusa kanzu. “Huyo! Amewahi.”

“Fakihi ana gari, Mjomba.”

“Hodi wenyewe!”

Mastura aliijua sauti hiyo kabla hajataka kuijua. Moyo ulimdunda kwa nguvu, akauonea hasira kwa kutokuwa na haya.

Hussen alisimama kizingitini, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile lile la bluu ambalo Mastura aliwahi kulishona kifungo, na kifungo kilikuwa bado kipo, cheusi kati ya vyeupe.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba,” Mjomba alijibu kwa mazoea, kisha akashtuka. “Hussen! Wewe hutakiwi kuwa hapa. Unajua kabisa hutakiwi.”

“Najua, Mjomba. Nisamehe.” Akamgeukia Mastura, akamtazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye kitu alichokipoteza. “Pole na msiba, Mastura. Nilichelewa kupata habari.”

“Umefuata nini?”

“Nimekuja kurudisha mbuzi.”

Mastura alikuwa ameyatunza maneno makali kwa ajili ya siku hiyo, ameyapanga wakati wa kuosha vyombo, ameyarudia wakati wa kumgeuza Bibi. Yote yakamtoka. Akabaki na swali moja tu.

“Iko wapi?”

“Iko hapo nje. Nimeitunza, Mastura. Haina hata mkwaruzo.”

“Umeitunza! Mtu anaiba kitu cha watu, halafu anajisifu amekitunza?”

“Nani ameiba? Nilipewa!”

“Ilete ndani.”

Hussen akatoka. Wakamsikia akibembeleza huko nje, “Twende, mama, twende, usinitie aibu.” Mastura akakunja uso; tangu lini kibao kikabembelezwa? Hussen akarudi ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mbuzi jike, mweupe, mwenye sikio moja la kahawia. Mbuzi aliutazama ukumbi, akauona haumtishi, akakojoa kizingitini.

“Mbuzi gani huyu?” Mastura aliuliza taratibu.

“Mbuzi mliyonipa.”

“Hussen, mimi nimechoka. Sina nguvu hata ya kuchezewa. Mbuzi ya Bibi iko wapi, ile ya kukunia?”

Hussen akamtazama, akamtazama Mjomba, akarudi kwake. “Ya kukunia? Mimi nikaifanyie nini mbuzi ya kukunia?”

“Siku ile ulipoondoka ilipotea. Mjomba akasema umechukua mbuzi.”

“Nilichukua hii!” Akainyanyua kamba. “Kwani hukujua? Kwetu mchumba akikataliwa hatukanwi. Anapewa mbuzi. Akishaishika kamba ameelewa, harudi, hapigi simu, hatumi mtu. Mjomba Saad alikuja na kamba mkononi, hapo hapo mlangoni, akanipa. Nikajua umenikataa. Nikasema, angalau amenikataa kwa heshima ya kwetu.”

“Mimi nimekukataa?”

“Hukunikataa?”

Walitazamana pale, yeye mkekani, mwenziwe kizingitini, katikati yao mbuzi anatafuna ncha ya kamba yake. Mastura aliona macho ya Hussen yanajaa maji taratibu, mwanaume mzima na vumbi lake, na alitamani ainuke.

“Nilikwenda sokoni kukununulia nazi,” alisema. “Nilichagua, nikazitikisa moja moja. Mwenye nazi akaniuliza kama nanunua nazi au namtafuta mtu ndani.”

Hussen akajifuta uso kwa mkono, akajipaka matope.

“Na umerudi kwa nini sasa, kama desturi yenu inakataza?”

“Mbuzi ya kukataliwa unachinja. Ukiila umeridhika, unaoa kwingine. Kila Idi mama ananoa kisu, na kila Idi mimi naipeleka nikaifiche kwa jirani. Imeshazaa, watoto wake wameliwa, yenyewe nimeshindwa. Juzi Rosalia kaja gulioni na mitumba yake, kaniambia Bibi amefariki, na Ijumaa hii unampa jibu mtu wa Kiswere. Nikasema, kabla hajatoa jibu hilo, mimi nirudishe langu. Sikuridhika, Mastura. Nimekuja kusema hivyo tu. Ukitaka niondoke nitaondoka.”

Mastura akamgeukia mjomba wake. Uchovu ulikuwa bado upo, lakini sasa chini yake kulikuwa na kitu kinachokataa kulala.

“Mjomba. Nani alikwambia umpe Hussen mbuzi?”

“Mama!” Mjomba alisema, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa. “Nani mwingine? Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kula pilau. Kijana nilimfahamu toka Mitole, baba yake tulipakana mashamba. Iliniuma, lakini mama akishasema nani atapinga?”

“Alisemaje? Nataka neno kwa neno.”

“Nani anakumbuka neno kwa neno?”

“Jaribu, Mjomba wangu. Nakuomba.”

Mjomba Saad akakaa, akafumba macho. “Nilikuwa nyuma, nafunga mbuzi zangu nilizokuja nazo za kuuza. Mama akaniita dirishani. Alikuwa kitandani. Akasema, ‘Saad, mpe Hussen mbuzi, mambo yaishe.’ Mimi nikaelewa: anamkataa mtoto wa watu kwa desturi ya kwao, asije akanung’unika. Nikaona mama ana busara. Nikafungua moja.”

“Hayo tu?”

“Hayo tu. Yaani… ‘Mpe Hussen mbuzi, iko kwangu, mambo yaishe.’ Hivyo.”

“Iko?”

“Iko. Nilishangaa kidogo, mbuzi zilikuwa zangu, si zake. Lakini zilifungwa uani kwake, nikaona sawa.”

“Mjomba, Bibi alisema iko?”

“Alisema iko! Sasa? Mbuzi iko, mbuzi imekula, mbuzi imezaa, shamba sote tunasema hivyo. Nikajua amezoea kutusikia. Halafu alipoanguka nikajua ulimi ulikuwa umeanza kumwelemea.”

Mastura alikuwa ameshasimama.

Bibi Ziada alizaliwa Kisiwani, na Kiswahili kwake kilikuwa kama sahani zake za udongo wa China: ukikivunja atakwambia mbele za watu. Aliwahi kumsimamisha msemaji katikati ya harusi. Mastura alipokuwa mdogo, akija mbio kusema mbuzi imekula nguo kwenye kamba, Bibi hakuuliza nguo ya nani. Alimwambia, “Rudi nje, uingie tena, useme vizuri. Aliyeumbwa na Mungu yupo. Iliyochongwa na fundi iko.” Mjomba naye aliambiwa hivyo maisha yake yote, na Mitole ikamsahaulisha yote.

“Bibi hakuwahi kusema iko kwa mnyama,” Mastura alisema. “Hata angekuwa anakata roho.”

Kwaru. Kwaru. Safari hii Mjomba alisikia. Hussen naye akageuza shingo kuelekea chumbani, na mbuzi akasimamisha sikio la kahawia.

“Iko kwangu,” Mastura alirudia. “Chumbani kwake.”

Walikwenda wote. Alipofungua mlango sauti ikakoma, kama kawaida yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya kabati ulikaa msahafu wa Bibi, na chini ya msahafu kulikuwa na marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma, kimefungwa kitambaa cheupe. Mastura alipangusa vumbi la kabati hilo kila Ijumaa, akapitisha kitambaa pembeni kwa adabu bila kugusa.

Akasimama akitazama. Kisha akakumbuka mkono.

Mkono wa kulia wa Bibi, uliobaki mzima. Bibi aliuinua akaelekeza juu ya kabati, kisha akausogeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, macho yakimwomba. Mastura alidhani anataka kusomewa. Akakaa kando ya kitanda, akamsomea Yasini aliyoijua kwa moyo, na Bibi akafumba macho, machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Akamsomea tena kesho yake, na kesho kutwa.

“Mjomba,” aliuliza, “nani aliiweka marufaa pale juu?”

“Mimi. Siku tunamkimbiza hospitali. Ilikuwa kitandani mwake, imefungwa hivyo hivyo, msahafu uko kando. Nikasema isije ikakanyagwa.”

“Uliifungua?”

“Mimi nifungue kitu cha mama?”

“Una udhu?”

“Si nimetoka kuswali?”

“Uteremshe msahafu.”

Mjomba aliushusha kwa mikono miwili, akaubusu, akaulaza juu ya mto. Mastura akakichukua kibao. Kilikuwa kizito kuliko marufaa yoyote. Akafungua fundo, na kitambaa kilipoanguka, ulimi wa chuma ukamchungulia kwa meno yake yote.

Mjomba Saad akakaa kitandani kama aliyesukumwa. “Ya Rabi. Nimemfukuza mkwe kwa kinywa cha mama yangu.”

“Alitaka nikune pale mbele yake,” Hussen alisema polepole. “Aliifunga kwa kitambaa cha heshima.”

Mastura aliikumbatia mbuzi ile kifuani, chuma na vyote, akalia. Alilia kwa kwikwi, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, kwa kuwa siku ile alikuwa anahesabiwa kuwa ndiye mwenye nguvu. “Alikuwa ananiambia,” alisema. “Kila siku ananiambia, na mimi namsomea!”

Hussen hakumgusa, hakuwa na haki hiyo bado. Aliokota kitambaa cheupe sakafuni, akakikung’uta, akampa ajifute.

“Nipe nazi,” alisema alipoona ametulia. “Nikune. Nilipaswa kukuna siku ile.”

Walirudi jikoni. Mastura akaikunjua mbuzi sakafuni, akavunja nazi, maji akayamwaga kwenye kikombe. Hussen alikuwa ameshakunja suruali, anataka kukaa.

“Inuka,” Mastura alisema.

“Nini tena?”

“Wewe sina haja ya kukupima. Mtu anayemficha mbuzi Idi baada ya Idi, mama yake ananoa kisu, huyo ameshapimwa. Nakaa mimi.”

Mjomba akatoa macho. “Mwanamke hajawahi kukalishwa hapo kupimwa!”

“Leo atakaa.” Alikalia kibao, akabana magoti, kifuu mkononi. “Sikiliza, Hussen. Asubuhi nilikuwa tayari kumwambia ndiyo mtu mwingine, kwa sababu ya kuchoka tu. Sasa umeingia na vumbi lako, moyo unanienda mbio. Sijui kama ni mapenzi au ni ule ule uchovu umebadilisha nguo. Nimechoka kulala peke yangu, nimechoka kupika peke yangu, nimechoka kuwa mwenye nguvu. Sitaki kuolewa nawe kwa ajili hiyo. Wewe hustahili hilo.”

“Na tui likikatika?”

“Likikatika utamchukua mbuzi wako, utarudi Mitole, na utamchinja.”

Hussen alimtazama mbuzi wake. Kisha akaitika kwa kichwa, akachuchumaa karibu na mlango, mkono mmoja umeishika kamba.

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Sauti ilikuwa ile ile ya chumbani, ila sasa ilikuwa na mtu. Mikono ya Mastura, iliyozoea nazi za mashine ya sokoni, ilikumbuka yenyewe: zungusha, vuta, zungusha. Machicha meupe yalianguka kwenye sinia. Akayatia maji kidogo, akayavuruga, akayatia kwenye kifumbu, akakamua juu ya bakuli la bati la Bibi.

“Ni mama mwenye nyumba anayeuliza,” alisema bila kuinua uso. “Mama hayupo, Bibi hayupo. Uliza wewe, Mjomba.”

Mjomba Saad alikohoa mara kadhaa. Sauti yake haikuwa na haraka hata kidogo. “Mastura binti wa dada yangu. Huyu kijana unamtaka kwa moyo mmoja?”

“Namtaka,” Mastura alisema. “Nilimtaka hata nilipomwita mwizi. Ndiyo maana iliniuma.”

Wote watatu wakainamia bakuli. Ukingoni maji yalijitenga, uzi mwembamba unaoonekana kama glasi, na Hussen akafumba macho. Mastura hakufumba. Aliutazama uzi ule ukizunguka bakuli, ukafika ulipoanzia, ukamezwa. Tui likatulia, zito, jeupe tupu. Alichovya kidole, kikatoka kimevaa tui kama soksi.

“Fumbua,” alimwambia Hussen. “Fumbua uone.”

Hussen alifumbua. Alicheka, kisha akaficha uso kwenye mgongo wa mbuzi wake, na mabega yakamtikisika.

“Hodi!” Sauti ya ukumbini ilikuwa ya upole. “Hodi hapa!”

Fakihi. Mjomba alianza kuinuka, Mastura akamzuia. Alijifunga kanga vizuri, akatoka mwenyewe, mikono ingali na machicha.

Bwana Fakihi alikuwa amesimama karibu na kigoda, kifurushi mkononi, mtu mnene kidogo mwenye macho ya huruma. Aliitazama mikono ya Mastura, halafu uso wake, na alionekana kusoma jambo.

“Karibu, Bwana Fakihi. Nina jibu, na si lile ulilolifuata. Nisamehe kwa safari.”

Fakihi alihamishia kifurushi mkono wa pili. “Umelia,” alisema, “lakini uso wako leo una mtu ndani. Wiki zote nilizokuja haukuwa naye.” Akatabasamu, kwa shida, lakini akatabasamu. “Nikwambie kweli? Mimi nami nilikuja kwa sababu nimechoka kula peke yangu. Tungekuwa wachovu wawili sufuria moja.”

“Wewe ni mtu mwema.”

“Ndivyo ninavyoambiwa nikikataliwa.” Akamkabidhi kifurushi. “Pweza huyu nilimleta kwa heri, atabaki kwa heri. Pika na hilo tui, nalisikia harufu toka nje.”

Mastura alimsindikiza mpaka kwenye gari, akasimama hadi vumbi likatulia. Aliporudi ndani alikuta Mjomba Saad yuko katikati ya ukumbi, mikono kichwani. Kigoda kilikuwa kimeanguka. Hussen, kwa furaha yake, alikuwa ameiachia kamba, na mbuzi jike alisimama juu ya mkeka akitafuna kwa utulivu kitu cheupe chenye nakshi.

“Mbuzi imekula kofia yangu!” Mjomba alilalamika. “Kofia ya Idi! Mbuzi imekula!”

“Amekula, Mjomba,” Mastura alisema.

Lilimtoka bila kufikiri, kwa sauti ya kuvuta, yenye ncha kidogo mwishoni. Ilikuwa sauti ya Bibi Ziada kabisa, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mjomba akamtazama mpwa wake, midomo ikimcheza, akasema kwa unyenyekevu wa mtoto aliyetolewa nje akaingia tena, “Mbuzi amekula kofia yangu.”

Mastura akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akajikuta amekaa mkekani tena pale alipokuwa mwanzo, na alipojaribu kuinuka kwenda kuinjika pweza jikoni, mwili ukasema hapana.

“Kaa,” Hussen alisema. Alimsogezea mto kwa mkono mmoja, mwingine unapokonya kilichobaki cha kofia. “Tui nitalikoroga mimi. Pweza nitamchemsha mimi. Wewe lala.”

“Utaunguza.”

“Nitaunguza. Lala.”

Jikoni masufuria yakaanza kugongana, na Mjomba akasikika akimfundisha mkwe wake namna ya kuwasha jiko. Mastura akafumba macho. Akalala alasiri yote mpaka adhana ya magharibi, na chumbani kwa Bibi hapakuwa na mtu aliyekuna nazi.